Usivunje Tofali kwa Ajili Yangu

Mama yako jana kaangushwa chini mara tatu, na mara zote tatu kainuka mwenyewe bila ya kushikwa mkono! Judo, mwanangu. Miye, Time binti Faki, na magoti haya unayoyajua, nimevaa suruali ya dada yako ndani ya gauni, nikapanda juu ya magodoro, nikatupwa na mtoto wa watu kama gunia la karafuu, nikanyanyuka, nikasema tena. Habari hii ninayo tangu jana alasiri na inaniwasha kama upupu. Sijamwambia mtu. Weye ndiye wa kwanza.

Sasa salamu. Assalamu alaykum, Hamadi mwanangu, kipande cha ini langu. Nakuandikia nawe hata hujaondoka, umekwenda Mtambile tu kumuaga mjomba wako Bakari, na Magharibi utakuwa umerudi hapa Jadida. Lakini yanayonikaa kifuani siwezi kukwambia ukiwa mbele yangu, maana nikikuona nitaanza kukusifu, na hapo tena hatufiki popote. Kwa hiyo nimechana karatasi nne katika buku la dada yako Maryam, nimekaa ukumbini, na barua hii nitaikunja niitie ndani ya kanzu yako ya Ijumaa. Utaiona ukishafika Unguja. Mwandiko wangu utausoma bila ya taabu. Skuli niliishia darasa la saba, lakini mwalimu wetu alikuwa akilichukua buku langu akawaonesha darasa zima, akisema, "Tazameni herufi zinavyokaa kwa adabu." Hilo si majivuno, ndivyo ilivyokuwa.

Mambo ya sabuni, ya kula kwa wakati, ya kutolala na madirisha wazi, dada yako kakuandikia ukurasa mzima, na baba yako kishakuusia ya sala. Hayo nayaruka. Langu ni jengine.

Juzi nilipokuwa nikipanga mabuku yako nikaona karatasi imechomoza. Nilidhani ni barua ya msichana, nikaifungua haraka haraka, Mungu anisamehe. Umeandika michezo mitatu, kila mmoja na mstari wake. Taekwondo: mateke ya juu mno, suruali itachanika. Hapo nilicheka peke yangu mpaka Maryam akaja kuuliza kuna nini. Judo: naipenda, nimeitazama kwa marafiki, unaanguka na unacheka. Na wa kwanza, ulioutilia duara, karate: Mama kishawaambia watu.

Maneno matatu tu. Nimeyasoma nimesimama, kisha nikayasoma nimekaa.

Hamadi, hebu tukumbushane jambo hili lilianzaje. Lilianza dogo. Yule muuguzi aliyekupima kwa ajili ya chuo alikwambia kijana wa miaka kumi na tisa haifai ahemewe kwa kupanda ngazi, na huko chuoni utakuwa umekaa kitako mbele ya kompyuta kutwa, basi tafuta mchezo utoke jasho. Ukarudi nyumbani ukaniambia, "Mama, n'taka mchezo wa kupigana, lakini si wa kupigana kweli. Wa kutoa jasho na kufurahi." Maneno mazuri kabisa. Lau ningekuwa mama mwenye ulimi wa kawaida, ningekwambia kheri inshaallah, na yakaisha.

Lakini Ijumaa ya wiki ile ile, kwenye maulidi kwa Bi Asha jirani yetu, yameshanitoka. Nimesema mwanangu anakwenda Unguja kusoma karate. Wakaitikia vizuri, nikaongeza kuwa atarudi na mkanda mweusi. Wakazidi kuitikia, nikasema kwenye harusi ya Maryam atavunja tofali kwa mkono mtupu, mbele ya bwana harusi, ili ajue anaoa nyumba gani. Sijui tofali lile nililitoa wapi. Nilikuwa na sahani ya biriani mkononi na watu wananitazama, nalo likaja lenyewe.

Nawe ukalisikia, ukenda ukatia duara kwenye karate.

Ngoja nikueleze mamako katokea wapi, ili ujue ulimi huu hakuupata jana. Babu yako Mzee Faki alikuwa mchezaji wa kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo, hilo unalijua, nimekuchosha nalo tangu unanyonya. Hapajachezwa kirumbizi cha Idi Mtambile yeye asiingie uwanjani. Ngoma ikipigwa na zumari likilia, alivua viatu, akavipanga pamoja kama anayeingia msikitini, akachukua fimbo yake. Kwa kupiga hakuwa hodari sana. Uhodari wake ulikuwa kwenye kukinga. Fimbo ya mwenziwe ikija ilikuta fimbo, kila ikija inakuta fimbo, na yeye anacheka, na mwenziwe anacheka, mpaka watu wa pembeni nao wakacheka bila ya kujua wanachekea nini.

Siye watoto tulicheza nyuma ya nyumba kwa pongoo za mnazi, ule uti wa kuti, badala ya fimbo. Miye na kakangu Bakari. Kila siku baada ya chuo cha Kurani, mpaka tunaitwa kwa matusi. Raha niliyoipata pale, mwanangu, sijui niifananishe na nini. Basi siku moja nikamshinda. Nilimpokonya upongoo wake, nikabaki na mbili mkononi, naye kasimama mikono mitupu, anacheka. Anacheka, Hamadi! Alifurahi kuona nimejua. Na miye nikafanya nini? Kesho yake asubuhi kisimani, mbele ya wasichana na wavulana wote waliokuja kuchota, nikapaza sauti: "Mwamuona huyu? Huyu kapigwa na mwanamke, na mwanamke mwenyewe miye!"

Bakari akajitwika ndoo yake akaondoka. Na kuanzia siku ile, kila nikimletea upongoo, ana kazi. Ana kazi leo, ana kazi kesho, mpaka nikawa mwari nikawekwa ndani, na mchezo ukafa. Nilipata sifa ya asubuhi moja kisimani, na aliyekuwa akicheza nami sikumpata tena. Weye unamuona leo mjomba wako akija hapa tunataniana, lakini fimbo hatujaigusa pamoja miaka thalathini na zaidi. Funzo lile nililiona kwa macho yangu. Kulishika ndio sikulishika, kwa sababu nawe nikakufanyia vile vile, tena vibaya zaidi.

Nakuja sasa kwenye kovu lako.

Ulikuwa na miaka kumi na tano. Harusi ya mtoto wa Bakari, kule kule Mtambile. Kirumbizi kimepigwa tangu baada ya sala ya alasiri, na miye nimeshapita kila kundi la wanawake nikisema mjukuu wa Mzee Faki yupo hapa leo. Weye hukutaka. Ulikuwa umejificha jikoni kwa wapishi unakula ukoko wa pilau. Nikakufuata huko.

"Mama, sijajifunza vyema."

"Damu ndiyo iliyojifunza. Inuka."

Ukainuka. Ukaingia. Na wallahi, Hamadi, hili nataka ulisikie kutoka kwangu: ulicheza uzuri. Miguu yako, na mwili wako ule mkubwa, ilikuwa miepesi kama ya paka juu ya ukuta. Yule kijana wa Micheweni, Shaame, alirusha fimbo na ukakinga, akarusha ukakinga, na nikauona uso wako. Ulikuwa unacheka. Kicheko cha baba yangu, pale pale mdomoni mwako. Umri wako wote sikuwahi kukuona vile mbele za watu, weye mtoto wa kujificha nyuma ya milango.

Na mimi nikashindwa kukaa na furaha ile nikaitazama tu.

Nilikuwa na doti mpya ya kanga, hata pindo sijapiga. Nikaivua moja, nikapenya katikati ya watu, nikaingia uwanjani na mchezo unaendelea, napiga vigelegele, nakwita jina, "Hamadi! Hamadi mwanangu!" nikakutupia begani kukutuza. Hakuna anayefanya hivyo, Hamadi. Mtu hutuzwa ngoma ikishatua. Mtoto mdogo wa Mtambile analijua hilo, na miye binti wa Mzee Faki sikulijua. Ukageuka kunitazama. Mtoto akiitwa na mamake hugeuka. Na fimbo ya Shaame ilikuwa iko njiani.

Damu ile juu ya nyusi yako bado naiona. Na kicheko cha watu bado nakisikia, maana ulianguka na kanga yangu imekufunika kichwa kama biharusi.

Kisha nikaanza kusema ni jua. Jua la jioni lilimpiga mwanangu machoni. Nikasema kwa wapishi, nikasema kwa baba yako, nikasema kwenye gari tunakwenda hospitali. Na juu ya jua nikaongeza kuwa watu wa Micheweni wana mikono mizito, wamezoea kuvunja mawe. Siku ya tatu Shaame na babake wakafunga safari kuja hapa, wamechukua pweza mkavu, kijana macho chini, anaomba radhi. Nikawapokea kwa chai ya rangi isiyo na kitafunio. Miye! Nyumba ambayo hata mpita njia hula.

Lakini kilichoniumiza zaidi nilikisikia nikiwa nyuma ya pazia pale hospitali. Daktari kakuuliza, "Imekuwaje, kijana?" Ukasema, "Jua, daktari. Jua lilinipiga machoni."

Ulijua. Ulinisikia nikikwita na ulijua. Ukauchukua uongo wangu ukaubeba kama ulivyokuwa ukinibebea kikapu kutoka sokoni, na hujauweka chini mpaka leo. Na fimbo hukuigusa tena. Kila nikikwambia ingia, una kazi. Nilikuwa nimeshalisikia neno hilo zamani kwa Bakari, na bado sikushtuka.

Sitii maneno ya kitabuni hapa, nakwambia kwa lugha ya nyumbani: niwie radhi, mwanangu. Halikuwa jua. Ni miye.

Baada ya kuiona karatasi yako sikupata usingizi, na jana nikafanya mambo matatu. La kwanza nilimpigia simu Shaame. Nambari nilipewa na Bakari. Nikamwambia miye ni mama yake Hamadi, yule wa kanga, na kosa lilikuwa langu na si la mkono wake. Kasema, "Bi Time, miye tangu siku ile nikicheza nawatazama kwanza wanawake waliovaa kanga mpya." Akacheka, nikacheka. Kakuulizia. Kasema katika wote aliocheza nao, weye ulikuwa unakinga vizuri kuliko waliokuzidi umri. Hayo kasema yeye, sikuyatia chumvi.

La pili, nilikwenda kwa Bi Asha. Hilo lilikuwa gumu kuliko simu. Nimemkuta anachambua mchele.

"Bi Asha, lile neno la tofali nimekuja kulifuta."

"Tofali lipi? La kuvunja kwa mkono?"

"Hilo."

"Na lile la kuruka juu ya pikipiki?"

Wallahi nilikuwa nimelisahau. "Na hilo pia."

"Na mkanda mweusi?"

"Na mkanda."

"Basi mtoto kabaki na nini, Bi Time?"

"Kabaki na anachokipenda."

Kauweka ungo chini, kanitazama. "Haya. Miaka ishirini tunakaa ukuta kwa ukuta, leo ndiyo siku ya kwanza unakuja kupunguza." Kisha kasema taratibu, "Na siku ya kanga ile, sote tuliona. Tulikuwa tunakungoja mwenyewe."

La tatu ndilo la judo. Kumbe mwalimu Rukia, binti yule mrefu wa nyuma ya msikiti, anafundisha wanawake siku mbili kwa wiki katika chumba cha skuli, mapazia yamefungwa, mlango una komeo. Nilikwenda kutazama tu, nijue huo mchezo uliouandika ukoje. Nikakuta kila mtu yuko magodoroni, hata bibi mwenye wajukuu watano. Nikaanza kuwaambia, "Nyinyi mnajua babangu alikuwa nani katika kirumbizi?" Rukia kanishika mkono kwa upole. "Bi Time, hapa baba zetu tunawaacha mlangoni pamoja na viatu. Njoo uanguke."

Ati njoo uanguke! Mtu mzima! Kanionesha kidevu kikae kifuani, mkono upige godoro, pumzi itoke. Mara ya kwanza nilipiga ukelele, nikadhani nimekufa. Ya pili nikasahau mkono. Ya tatu, Hamadi, nilishuka vizuri, godoro likaita pa! na kicheko kikanitoka, kile cha nyuma ya nyumba na pongoo za mnazi. Hakuna aliyenitazama. Kila mtu alikuwa na kuanguka kwake. Sikutuzwa na mtu, na nimerudi nyumbani nimejaa.

Kwa hivyo ushauri nilio nao ni mdogo, nami nimeupata jana tu, uchukue ukiwa wa moto. Ukifika Unguja usijiandikishe siku ya kwanza. Nenda ukakae pembeni utazame, popote pale, iwe karate, iwe judo, iwe hiyo ya suruali kuchanika. Usimtazame hodari wao, kila mahali pana hodari. Mtazame yule dhaifu kabisa, mnene kama weye, anayekosea hatua, uone mwalimu anamsemesha vipi, na wenziwe wanamcheka au wanacheka naye. Kisha utazame watu wakitoka, wana uso gani. Ukitoka pale na miguu yako inataka kurudi, hapo ndipo. Ukichoka nao baada ya miezi miwili, acha, tafuta mwengine, hakuna aliyekufunga. Na kama kweli roho yako inataka karate, cheza karate, mchezo hauna kosa. Ila lile duara ulilotia nimelifuta kwa kifutio cha Maryam, na pale palipoandikwa mama kishawaambia watu, nimeandika mama kishawaambia basi. Karatasi imo humu ndani. Duara utatia mwenyewe.

Na ukishachagua, mwanangu, huna haja ya kuniambia ni upi. Nasema hivyo na moyo unanidunda, maana nitataka kujua, nitakufa kwa kutaka kujua, na nikijua nitasema, najijua. Kaa nao mwenyewe kwanza. Ufurahi peke yako mpaka furaha ipate mizizi, ndipo unipe kidogo kidogo, kama mtu anavyompa mgonjwa uji.

Bado nitakusifu. Hilo usiniombe niache, siwezi, hata kaburini mbele ya malaika Munkari na Nakiri nitasema mwanangu Hamadi. Lakini nitakusifu kwa yaliyokuwapo. Nitasema miguu yake myepesi. Nitasema alimbebea mamake uongo miaka minne na hakumuaibisha. Hilo nalo nitalisema, wacha wanicheke.

Nasikia Maryam anauliza kanzu ya Ijumaa iko wapi aipige pasi, nami nimeikalia. Nikukunjie barua. Mungu akuhifadhi njiani na uendako, akupe afya ya mwili huo mkubwa niliouzaa kwa taabu ya siku mbili, na akupe watu wa kucheka nao.

Usafiri kwa amani. Ukirudi Idi utakuta mjomba wako Bakari na wanawe, Bi Asha na watu wa nyumba yake, shangazi zako wa Mtambile, na kijana Shaame na babake, ambao safari hii nitawapikia. Nimeshawaambia wote hakuna atakayeoneshwa chochote, ni kula na kuzungumza, na anayetaka kucheza atacheza, asiyetaka atakaa. Tunakungoja nao hapa Jadida, Idi pili, baada ya sala ya adhuhuri.

Mama yako,
Time binti Faki